Kabla ya Masika Kuingia Amu

Watu wa bara wakimsikia mtu wa Pwani akilalamika juu ya baridi, hucheka. Wao wameizoea baridi ya Limuru na Nyandarua, inayomfanya mtu avae koti hata jikoni, na kwao sisi ni watu wa jua tu. Kipimajoto nacho kinawaunga mkono: mchana wa Machi joto la mwambao wetu hupita nyuzi 32, na katikati ya Julai hushuka hadi nyuzi 28 hivi. Ikiandikwa, tofauti hiyo ni ndogo. Lakini aliyelala katika nyumba ya mawe ya Amu usiku wa Juni, kusi likivuma pasi na kupumzika, shuka zimepata unyevu na kuta zinatoa jasho, anajua kwamba baridi yetu ni ya maji. Huingia kwa juu kupitia dari, hupanda kwa chini kutoka ardhini, na ikishajikalia ndani ya ukuta haiondoki mpaka pepo za kaskazi zirudi.

Wazee wetu waliugawa mwaka kwa pepo na mvua. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ikiwa tulivu na jua likiwa kali. Kisha pepo hugeuka, kusi huanza, na masika huingia pamoja nalo mwezi wa Aprili; Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Baada ya masika huja kipupwe, ambapo mvua hupungua lakini nyumba iliyolowa haipati jua la kutosha kukauka. Kwa hiyo nyumba ya mawe, kama lilivyo shamba, ina msimu wake wa kuhudumiwa. Msimu huo ni kati ya mwisho wa Februari na mwisho wa Machi, wakati kuta zimekwisha kukauka na tone la kwanza halijashuka. Anayeukosa atangoje mwaka mwingine.

Mwaka jana familia yetu iliukosa. Mama yetu, aliyepita miaka sabini, anaishi peke yake Mkomani, katika nyumba aliyoiacha babu. Usiku mmoja wa Mei aliamka kabla ya alfajiri akateremka kutia udhu. Akiwa bado chini alisikia kishindo. Boriti moja ya chumba cha ndani ilikuwa imekatika, na kipande cha dari, mawe na chokaa yake, kilikuwa kimeanguka juu ya kitanda alichokuwa amelala robo saa iliyopita. Hakutupigia simu mpaka jua lilipochomoza. "Sikutaka kuwaamsha," alisema.

Tulikutana Mombasa, sisi na jamaa wengine tunaohesabiwa warithi wa nyumba ile. Kwa jumla tisa. Baadhi walisema nyumba ifungwe na mama aletwe Mombasa. Wengine walisema itengenezwe, ila hakuna aliyesema kwa fedha za nani. Mama alisikiliza kwa simu, kisha akasema neno moja: "Nyumba hii haijanitupa. Mimi nitaitupaje?" Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kupiga kura. Tukachangishana, kila mtu kwa alichoweza, na mimi, kwa kuwa ni mwalimu na likizo yangu ilikuwa karibu, nikatwikwa amana ya kwenda kuisimamia kazi.

Safari na nyumba

Kutoka Mombasa hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 300. Basi liliondoka kabla ya mapambazuko, tukapita Kilifi na Malindi, tukauvuka mto Tana pale Garsen, na ilipofika adhuhuri tulikuwa Witu. Nchi yote ilikuwa kavu. Ng'ombe wa Waorma walikuwa wamekonda, na vumbi lilifunika miembe mpaka ikawa na rangi ya udongo. Abiria mwenzangu, mzee wa Hindi, alitazama nje akasema, "Mola atuletee mvua." Niliitikia "Amin," lakini moyoni niliona haya, maana nilikuwa nikiomba ichelewe wiki tatu. Mvua ni rehema kwa mwenye shamba na mwenye mifugo. Mwenye dari mbovu naye ana hofu yake, na Mola anatusikia sote.

Mokowe nilipanda boti. Ukiingia Amu kwa bahari mwezi wa Machi, mji huonekana kama uliopakwa rangi upya, kuta nyeupe zikimeta juu ya maji ya kijani na Manda ikiwa ng'ambo. Uzuri huo ndio uliowafanya UNESCO wauingize mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Lakini mgeni anayepiga picha kutoka botini haoni vichochoro vya nyuma, wala mapaa yaliyobonyea. Haoni pia kwamba nyumba nyingi zilizojengwa katika karne ya 18 zinasimama leo kwa sababu ya kazi ndogondogo zilizofanywa kila mwaka na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Mama alinipokea dakani. Nilimbusu mkono, akanishika bega, na kabla hata sijanywa maji akanichukua kunionyesha nyumba kama anayemtembeza daktari kwa mgonjwa. Tulipita tekani, tukaingia kiwandani, ua ulio wazi ambao ndio mapafu ya nyumba za Amu, kisha tukapanda kwenye misana, zile sebule mbili ndefu zinazofuatana, hadi chumba cha ndani. Vyumba hivi ni vyembamba, upana wake kiasi cha mita mbili na nusu au tatu, kwa sababu upana wa chumba hufuata urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kubeba. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi cha nusu mita, zimeungwa kwa chokaa na kupambwa kwa zidaka.

Chumba cha ndani kilikuwa kimefungwa tangu Mei. Kilinuka ukungu. Kitanda kilikuwa pale pale, kimefunikwa turubali, na juu yake palikuwa na tundu ambalo kupitia kwake niliona mbingu. Mama alikuwa amehamia msana wa nje, analala juu ya godoro sakafuni, na jambo hilo hakuwa amelitaja hata siku moja.

Anayoyajua fundi

Fundi wa chokaa tuliyemwita ni mzee mwembamba ambaye mikono yake imeungua kwa chokaa tangu ujanani. Nilimsalimia kwa salamu, nikamwita ami kwa umri wake, naye akaniuliza swali moja tu: "Maji yanaingia wapi?" Nilimwonyesha tundu la dari. Akatikisa kichwa. "Hapo ndipo yalipotokea, binti yangu. Nimeuliza yanapoingilia."

Tulipanda juu ya paa, na huko ndiko nilikoanza kusoma. Paa la nyumba ya kale ya Amu ni sakafu: juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe humwagwa zege la chokaa. Mama anakumbuka akisimuliwa na bibi yake jinsi wanawake wa mtaa walivyokuwa wakikusanyika kulipiga zege hilo kwa vijiti siku nzima, kwa kuimba, mpaka likashikamana na kukataa maji. Sakafu hiyo ina mteremko mdogo usioonekana kwa macho, unaoyapeleka maji kwenye mlizamu, nao mlizamu huyatupa mbali na ukuta. Fundi alimimina ndoo ya maji, akakaa kitako kuyatazama. Hayakwenda mlizamuni. Yalizunguka, yakakusanyika pembeni, yakaanza kupotea polepole mahali ambapo sisi hatukuona ufa.

Mlizamu ulikuwa umezibwa na majani, mavi ya kunguru na mpira wa mtoto wa jirani. Pembeni mwa paa palikuwa na mche wa mkuyu uliooteshwa na mbegu za ndege, wa urefu wa shubiri moja tu. Nilinyoosha mkono kuung'oa, fundi akanizuia. Mzizi wa mche wa shubiri moja, alisema, unaweza kuwa umekwisha kupita mawe matatu. Ukiuvuta kwa nguvu unavuta na ukuta. Aliuchimbua kwa subira, akaukata mzizi ndani kabisa, akaziba. Huu ndio ufa uliokata boriti ya mama. Mche mmoja na mlizamu mmoja ulioziba, na katikati yake miaka mitatu ambayo hakuna mtu wa familia aliyepanda juu kutazama. Methali ya ufa na ukuta tunaifundisha watoto shuleni kila mwaka; mimi mwenyewe nimeisahihisha katika madaftari yao mara nyingi.

Kisha tukateremka kuzikagua boriti. Boriti ya mkoko haianzi kuoza katikati. Huoza kichwani, ule upande uliozama ukutani ambapo jicho halifiki. Fundi alichukua kisu, akakidunga kwenye kila kichwa. Kisu kilipokataa, aliipita. Kilipozama kama katika muhogo uliochemshwa, aliitia alama ya mkaa. Tulikuwa na boriti 19 katika chumba cha ndani. Zenye alama zilikuwa nne. Mama alipumua. Alikuwa amejiandaa kusikia kumi.

Ukuta wa kaka

Tatizo kubwa halikuwa darini. Lilikuwa katika ukuta wa kusini wa msana, na hapo pana habari ambayo nilijiuliza sana kama niiandike. Nimepata idhini ya mwenyewe.

Miaka saba iliyopita kakangu alipata kazi Mombasa, na fedha zake za kwanza za maana alizituma Amu ili ukuta huo upigwe lipu ya saruji. Ilikuwa zawadi kwa mama. Ukuta ulitoka laini na imara, na majirani waliusifu. Sasa fundi aliugonga kwa kifundo cha kidole, nao ukalia kama ngoma. Aligonga juu, akagonga chini. Karibu wote ulikuwa mtupu nyuma ya lipu. Alipobandua kipande kimoja kwa patasi, maji yalitiririka, na jiwe lililokuwa nyuma lilibomoka vidoleni kama mkate uliolowa.

Sababu yake ni hii, na kila mwenye nyumba ya kale kutoka Amu hadi Mji wa Kale wa Mombasa angefaa aijue. Jiwe la matumbawe ni kama sifongo: hunyonya maji kutoka ardhini na kutoka kwa mvua ya upepo. Chokaa nayo ina vinyweleo. Huyapokea maji hayo na kuyaacha yatoke hewani jua linaporudi. Ukuta hulowa na kukauka, hulowa na kukauka, na kwa mwendo huo huishi karne mbili. Saruji hufunga mlango. Maji yaliyopanda hayana pa kutokea, hubaki ndani, chumvi yake hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani hukaa katika unyevu mwaka mzima. Saruji ni kitu chema katika nyumba ya matofali iliyojengwa kwa saruji. Katika ukuta wa matumbawe ni sawa na kumvika mtu mwenye homa koti la mpira.

Usiku ule kaka alinipigia simu kuuliza kazi imefika wapi. Akapendekeza tumalizie kuta nyingine kwa saruji. "Siku mbili tu kazi imekwisha," alisema, "na mvua haiko mbali." Sikuwa na jibu. Nilimwendea mama nikamweleza. Alinyamaza kwa muda, akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Usimwambie kwamba aliharibu. Mwambie ukuta unataka kupumua."

Nilimwambia hivyo. Alikata simu baada ya maneno machache, nami nikadhani ameudhika. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilisikia hodi mlangoni. Alikuwa kaka, na begi dogo begani. Hakusema mengi. Alibadilisha kanzu yake, akavaa kikoi, akachukua nyundo na patasi, na kwa siku nne aliibandua saruji yake mwenyewe, kipande kwa kipande, fundi akimwongoza ili asiumize mawe. Mama alimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka siku zote nne, jambo ambalo mimi sikufanyiwa.

Chokaa na subira

Chokaa haitaki haraka. Matumbawe huchomwa tanuuni kwa kuni nyingi, huzimwa kwa maji, kisha rojo yake huachwa ikae. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini na kunata. Tuliyoinunua ilikuwa imekaa miezi kadhaa shimoni. Ililetwa kwa punda, kwani vichochoro vyetu havijui gari, na mchanga nao uliletwa kwa punda. Fundi aliuonja mchanga kwa ulimi kabla ya kuupokea. Mchanga wa ufukweni haufai, kwa sababu chumvi yake huita unyevu milele. Alichanganya kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, akaulowesha ukuta kwanza, akapaka tabaka nyembamba, akangoja, akapaka ya pili.

Nilidhani kukauka upesi ni jambo jema. Fundi alinisahihisha. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa taratibu, na ikikaushwa na jua kali hupasuka. Kwa hiyo kwa wiki nzima kazi yangu ilikuwa kutundika magunia yaliyoloweshwa juu ya ukuta mpya na kwenye nyufa za paa zilizozibwa, na kuyanyunyizia maji asubuhi, adhuhuri na jioni. Hii ndiyo sababu kazi ya chokaa haifanywi mvua inapokaribia: mvua ikiikuta ni changa, huiosha. Na anayeishika asisahau kufunika macho na mikono, kwani chokaa mbichi huunguza. Watoto wa mtaa waliokuja kutazama tuliwaweka mbali.

Boriti nne zilibadilishwa kwa kutegemeza dari kwa nguzo za muda. Boriti mpya tulizichagua kwa muuzaji mwenye kibali. Kaunti zote za mwambao wa Kenya zikiwekwa pamoja, zaidi ya nusu ya mikoko iko Lamu, na ikikatwa ovyo wajukuu wetu hawatakuwa na cha kuezekea wala samaki wa kuvua. Kutengeneza kilichokuwepo kwa namna ile ile ni jambo moja. Lakini mwenye kutaka kubadilisha sura ya nyumba katika mji wa kale sharti kwanza awaone wasimamizi wa uhifadhi apate idhini.

Ukuta wa jirani

Katika Amu nyumba hushikana mabega, na ukuta mara nyingi ni wa watu wawili. Nyumba iliyo upande wetu wa kaskazini haina mtu. Paa lake limekwisha kuanguka, na kila masika hujaa maji kama birika, yakinywewa na ukuta tunaoshirikiana nao. Wenyewe ni warithi wengi waliotawanyika Mombasa, Malindi, Maskati na Jidda. Hawakugombana, wameshindwa tu kukubaliana, na wakati wanaposhindwa mvua haiwangoji.

Tungeweza kuingia na kufanya tulitakalo, kwa kuwa hapana wa kutuzuia. Mama alikataa. Alitafuta nambari ya simu ya mkubwa wao, mwanamke mtu mzima aliyecheza naye utotoni, akamwomba ruhusa. Walizungumza saa nzima, sehemu kubwa juu ya watu waliokwisha kufariki. Ruhusa ilipatikana. Kaka na vijana watatu wa mtaa waliondoa kifusi kilichorundikana chini ya ukuta, wakachimba mfereji wa kuyatoa maji kwenda kichochoroni, na fundi akafunika kichwa cha ukuta kwa chokaa ili mvua isiingie kati ya mawe. Nyumba ile haikupona, lakini imeacha kutuumiza. Nasi tuligeuza mlizamu wetu mmoja ambao, tuligundua, ulikuwa ukimwaga maji yake juu ya ukuta wao kwa miaka. Haki ya jirani ina pande mbili.

Ndani ya nyumba

Wiki ya mwisho ilikuwa ya mama, na sisi tukawa watumishi wake. Magodoro na mito vilipandishwa juani siku tatu. Nguo nzito, mablanketi na leso vilitolewa masandukuni, vikaanikwa, vikafukizwa udi, vikarudishwa pamoja na karafuu. Misahafu na hati za nyumba, zilizokuwa katika kidaka cha ukuta unaolowa, zilihamishiwa kabati lenye miguu, mbali na ukuta. Makuti ya kibanda cha juu tuliyakagua kwa kusimama ndani mchana na kutazama mwanga: kila nyota uliyoiona ni tone la Mei. Fundi wa umeme alihamisha waya uliopita chini ya dari bovu, akamwonyesha mama swichi kuu ya kuzima maji yakianza kuvuja karibu na taa.

Birika la kutawadhia lilisuguliwa, na mama akarudisha ndani yake samaki wadogo, kama walivyofanya wazee, ili wale viluwiluwi vya mbu. Hakuna masika yasiyokuwa na mbu, na mapipa na ndoo zote zilipata vifuniko. Amu inakumbuka mwaka 2004, ilipozuka homa ya chikungunya na nyumba nyingi kuuguza watu. Mvua zilikuwa haba wakati ule, na mbu walizaliana katika maji yaliyohifadhiwa majumbani. Mvua za mwanzo wa masika mama haziingizi birikani. Huziacha zioshe vumbi la paa kwanza.

Ghalani tuliweka mchele, kuni kavu, ng'onda na papa mkavu, kwa sababu kusi likichafuka wavuvi hukaa pwani na samaki mbichi huadimika. Na jambo moja tulilisisitiza mpaka mama akachoka nasi: jiko la makaa lisiingizwe chumbani usiku ili kuota moto, madirisha yakiwa yamefungwa. Moshi wake unaoonekana si hatari kama hewa yake isiyoonekana wala kunuka, ambayo humlaza mtu asiamke. Ukiona baridi, ongeza blanketi. Jiko libaki kiwandani.

Mvua

Mvua ya kwanza ilinyesha siku sita baada ya mimi kurudi Mombasa. Nilikuwa darasani. Jioni mama alipiga simu; nilisikia nyuma ya sauti yake mlizamu ukimwaga maji kichochoroni kwa nguvu, mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu utoto. Alisema amesimama chini ya dari mpya na taa mkononi, akitazama. "Pakavu," alisema. Kisha akakata simu kwa sababu adhana ilikuwa inaadhiniwa.

Nilikwenda tena mwezi wa Juni. Mama alikuwa amerudi kulala chumba cha ndani. Ukuta wa kusini ulikuwa na madoa ya unyevu kwa chini, na fundi alisema ndivyo inavyopasa: unanyonya, utakauka. Karibu na ngazi palikuwa na tone moja lililotushinda, na chini yake mama ameweka sufuria. Tulikubaliana liachwe mpaka msimu wa jua. Nyuma ya mlango wa kabati kaka amebandika karatasi: paa na milizamu, miche, vichwa vya boriti, nyufa, birika, nyaya, na mbele ya kila kazi, jina la mrithi mmoja. Wote tisa wamo. Kila mwezi kila mmoja hutoa kiasi kidogo, na mmoja wetu mwaminifu anakihifadhi. Wawili bado wanacheleweshwa na maisha, nao tunawasubiri.

Nyumba ya jirani bado haijapata mtu wa kuisemea. Nilipochungulia kupitia dirisha lake niliona zidaka nzuri kuliko zetu, zikinyeshewa.

Ndugu msomaji, huenda nawe una jina katika hati ya nyumba usiyoikanyaga, Amu, Siyu, Pate, Malindi au Mji wa Kale. Kabla ya Machi nyingine, mpigie simu anayelala chini ya paa hilo, umuulize analala chumba gani, na kwa nini. Mwenyezi Mungu azijaalie mvua zetu ziwe za manufaa, aziburudishe roho za waliotujengea, na azitie imara kuta wanamoishi wazee wetu. Amin.